Nilikohoa Nikiwa Bcc

Bcc, ule mstari wa nakala ya siri kwenye barua pepe, ni mahali pa kujificha, na aliyefichwa ana kazi moja tu: kunyamaza. Mimi nilikohoa.

Bosi alikuwa akivutana na msambazaji mmoja wa vifaa juu ya ankara. Akamwandikia barua pepe ya adabu tele, kuomba ufafanuzi wa kipengele cha 4, na mimi akanichomeka kwenye Bcc, nijue tu kinachoendelea. Msambazaji hakuniona, kwa sababu mstari wa Bcc huondolewa kabla ujumbe haujamfikia. Ila mimi nilimwona. Nilipobonyeza "Jibu wote", programu ilifanya inachofanya siku zote: ikakusanya anwani zote zinazoonekana, ya bosi na ya msambazaji. Kilichofichwa ni jina langu kwenye barua ile ya kwanza. Jibu langu halikuwa na pazia lolote.

Nilikuwa kwenye simu, ambako "Jibu" na "Jibu wote" hukaa kama majirani wa ukuta mmoja, na kidole changu si chembamba. Nikaandika: "Bosi, huyu usimpe hata senti. Hesabu zake nimezipitia mara 3, na kila mara nakuta zimenenepa." Nikatuma. Sahihi yangu ya kujiweka yenyewe ikaongezea jina langu kamili, cheo, namba ya simu, na maneno "Nipo tayari kukuhudumia."

Dakika ya 3 nikasoma tena nilichotuma. Nikaona anwani mbili. Kutendua hakungenisaidia tena: Gmail hukupa sekunde 5, na hata ukienda kwenye mipangilio huvuki 30. Ofisini kwetu tulitumia Outlook, na nikakumbuka kwamba Outlook ina amri ya kurudisha ujumbe uliokwisha kutumwa. Nikakimbilia kompyuta, nikafungua folda ya zilizotumwa, nikaufungua ujumbe kwenye dirisha lake, nikaitafuta ile amri, nikabonyeza. Nikashusha pumzi.

Kisha ikaja ripoti. Kwa bosi: imefanikiwa. Kwa msambazaji: imeshindikana.

Hapa ndipo ningepaswa kuwa nimejua mapema. Amri hiyo hufanya kazi ndani ya taasisi moja, kwa kuwa masanduku ya barua yako kwenye mfumo mmoja na mfumo unaweza kuingia ukafuta. Ujumbe uliotoka nje ya geti ni mali ya seva ya watu wengine, na hiyo haipokei amri kutoka kwako. Kwa hiyo nilikuwa nimemfutia barua mtu pekee aliyepaswa kuisoma, nikamwachia yule asiyepaswa.

Baada ya nusu saa simu ya bosi ikalia. Nikamsikia: "Hesabu zipi zimenenepa?" Kimya. "Nani kasema?" Kimya kirefu zaidi. Kisha mlango ukafunguka.

"Bwana mdogo, kuna barua umeandika?"

"Ipo, bosi."

"Mbona kwangu haipo?"

Jaribu kumweleza mtu hilo ukiwa umesimama. Nilimfungulia folda ya zilizotumwa. Akasoma taratibu, akafika kwenye "Nipo tayari kukuhudumia", akaniangalia, akairudia.

Kwa haki, lawama haikuwa yangu peke yangu. Ukitaka mwenzako ajue jambo bila kuonekana, usimweke kwenye Bcc. Tuma barua yako kwanza, kisha ifungue kwenye zilizotumwa na umpelekee kama ujumbe wa pili, ukiandika juu yake "kwa taarifa yako tu". Hapo hata akibonyeza "Jibu wote" kwa nguvu zake zote, jibu linarudi kwako peke yako. Bcc iachie tangazo la watu wengi wasiojuana, ambalo hutaki kila mmoja aone anwani za wenzake. Haya nilimweleza bosi siku hiyo hiyo; naamini hakuwa katika hali ya kujifunza.

Kwenye Outlook ya kompyuta nimeweka kanuni inayozuia kila ujumbe dakika 2 kabla ya kutoka, ingawa inaruhusu hadi 120. Ile sahihi nimeipunguza, limebaki jina tu. Na bosi, siku hizi akitaka nijue jambo, huinuka kitini, hutembea mpaka mezani kwangu, akaninong'oneza sikioni. Akimaliza huniuliza: "Umejibu nani?"