Pomboo hafungwi kamba

Ndugu mwandishi, asante kwa makala kuhusu Karen Pryor, mkufunzi wa wanyama wa Marekani, na mafunzo ya mbwa bila kipigo. Ila historia yake na pomboo umeigusa kwa mstari mmoja tu, na mimi naona hapo ndipo penye kiini. Miaka ya 1960, pale Sea Life Park, bustani ya wanyama wa baharini huko Hawaii, alifundisha wanyama ambao huwezi kuwafunga kamba wala kuwachapa. Ukimuudhi pomboo anaogelea zake, somo limekwisha. Kilichobaki ni filimbi na samaki: akiruka vizuri, filimbi inalia papo hapo, kisha anapewa samaki.

Kwa mbwa, filimbi ikawa kidude cha mkononi kinacholia "tak". Wengi hudhani siri ni chakula. Siri ni wakati. Mlio unamwonyesha mbwa tendo lipi hasa limemletea nyama; ukichelewa kidogo, keshasimama, na umemlipa kwa kusimama badala ya kuketi.

Wanaosema huku ni kudekeza wanyama waende Morogoro. Panya wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini hufundishwa kwa mlio na chakula vilevile, na watu wanalima tena mashamba waliyoyakimbia.

Nawaomba sana wenye mbwa wa ulinzi mnaowachapa ili wawe wakali: mbwa huyo anajifunza kuogopa mkono, na mkono wa mtoto wako ni mkono pia. Jaribuni vipande vidogo vya nyama jioni, dakika chache tu, kabla hajala.