Bibi Alivyotudai Kwenye Msiba Wake

Kazi ya kuandika wasifu wa Bibi niliangukiwa nayo kwa sababu moja tu: katika ukoo mzima, mwandiko unaosomeka ni wangu. Alinifundisha Bibi mwenyewe, kwa rula, na rula hiyo haikuwa ya kupigia mistari. Usiku wa kuamkia mazishi Mama Mkubwa aliniita pembeni akasema, "Andika kifupi. Ila usiache kitu."

Karatasi hazikuwepo, nikachana za nyuma katika daftari la Bibi. Nikavaa miwani, ile yenye mguu uliofungwa uzi mweusi, nikaanza na swali jepesi: Bibi alizaliwa lini?

Yeye alikuwa akijibu, "Mwaka vita vilipoanza." Vita vipi, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mjomba alishikilia kwamba ni Vita vya Pili vya Dunia, yaani 1939. Mama Mdogo, ambaye hajawahi kukubaliana na Mjomba hata mvua ikiwa inawanyeshea wote wawili, akasema ni vile vya Kwanza. Nikamkumbusha kwamba vile vilianza 1914, na kwa hesabu hiyo Bibi alikuwa amevuka miaka 100 siku ile alipopanda juu ya paa kumkaripia fundi. "Wewe mama yangu hukumjua," akanijibu. Kitambulisho kilisema 1 Januari, tarehe wanayopewa watu wengi ambao karani amechoka kuwahoji. Nikaandika: "Alizaliwa zamani."

Mengine yalikuja yenyewe. Dirisha lake lilitazama njia panda, na kwa kuwa mji ni mdogo, hakuna safari isiyopita hapo. Wanaume wazima wenye ndevu walikuwa wakizunguka nyuma ya nyumba za watu kuliko wapite pale wakiwa wametoka kulewa. Akitaka kuniita mimi, alianza na jina la Mjomba, akapita kwa binamu zangu wawili, akamgusa paka, ndipo akanifikia. Paka ndiye aliyekuwa akiwahi kuitika. Mama akaomba niandike kwamba marehemu alikuwa mpole. Tukatazamana. Nikaandika "alikuwa mama wa watu wote", maana hilo halina ubishi: watu wote aliwagombeza.

Zikatimia kurasa sita. Namba sikuziweka. Nani anapotea kwenye kurasa sita?

Kesho yake makaburini, wakati naitwa mbele, upepo ukazichukua zote. Binamu yangu mdogo, mtoto wa miaka saba, akazikimbiza, akaziokota moja moja, akanikabidhi kwa heshima kubwa. Sikutaka kuanza kuzipanga mbele ya umati, nikajiambia kwamba mtoto huyu ana akili.

Nikasoma wa kwanza kwa sauti ya huzuni: "Bibi alituacha alfajiri, akiwa usingizini, kwa amani." Vilio vikaanza. Nikafunua wa pili: "Hapo ndipo alipoanza darasa la kwanza, akiwa amechelewa kidogo kuliko wenzake."

Kilio kimoja kikakatika katikati. Nikafunua upesi wa tatu: "Pamoja na hayo, afya yake iliendelea kuwa njema." Mtu nyuma yangu akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Mtu mwenye busara angesimama hapo akazipanga. Mimi niliongeza kasi. Nikashika ukurasa wa nne, nikasoma: "Mjomba wao, ngazi. Alisema ni ya siku moja."

Sasa nieleze jambo ambalo nililijua nikiwa nimechelewa. Daftari la kubanwa pini katikati, ukichana karatasi ya nyuma, mwenzake wa mbele hulegea, na ukiendelea kuchana huchomoka kabisa. Na mbele ya daftari lile Bibi alikuwa akiandika vitu vyake vilivyoazimwa. Mwandiko ni wake, lakini nimeshasema nani alinifundisha kuandika. Nilijiona ninasoma yangu.

"Mama Mdogo, mwavuli. Huu ni wa pili. Wa kwanza alisema umeibwa, nimeuona kwake."

Nikanyamaza. Kimya kikatanda. Kisha kutoka nyuma, upande wa wale ambao hawakuwahi kuazima kitu, sauti ikapaa: "Endelea!"

Nikamtazama Mama Mkubwa aniokoe. Akajifuta machozi, akasema kwa utulivu, "Soma yote. Mama hakuwa mtu wa kuandika ovyo."

Basi nikasoma. Jirani wa kushoto, cherehani, karudisha bila sindano. Jirani wa kulia, pampu ya baiskeli, na baiskeli. Bwana yule anayechimba makaburi, beleshi, mpini umepakwa rangi ya kijani.

Macho yote yakahamia kwenye kifusi. Beleshi lilikuwa limechomekwa pale pale, kijani kibichi kabisa, na mwenye kulishika akaliachia kama limepata moto. Hapo watu wakashindwa. Nimekwenda misiba mingi, lakini sijawahi kuona wabeba jeneza wakiegemeana kwa kucheka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mama Mdogo peke yake hakucheka. Kulikuwa na jua kali, na mwavuli alikuwa nao.

Zikabaki sauti za watu wakipumua, nami nikasoma mstari wa mwisho kabla akili haijaniambia niache:

"Mjukuu wangu mwenye mwandiko, miwani ya kusomea, yenye uzi mweusi. Anadai macho yamempata ghafla. Na mimi nasoma na nini?"

Nikaivua. Bila ile miwani sioni hata herufi moja, kwa hiyo wasifu wa Bibi uliishia hapo, darasa la kwanza.

Tuliporudi nyumbani jioni, ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mjomba akaapa kwamba alikuwa akipanga kuileta wiki hiyo hiyo. Sindano mpya ya cherehani ikaja. Miavuli ikafika miwili, imefungwa pamoja, bila maelezo. Beleshi likaja limeoshwa. Mimi niliiweka miwani juu ya kiti chake, kile ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia, nikalala.

Asubuhi Mama Mkubwa akaniletea orodha ya rambirambi nimsomee. Nikajitahidi kuisogeza mbali, nikaisogeza mpaka mkono ukaisha. Nikaenda kwenye kile kiti. Kabla ya kuichukua nikafungua daftari, nikatafuta ukurasa mtupu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mimi, miwani. Siku moja tu."