Kuhama WhatsApp Lubumbashi: unamkimbia nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu alirudi kutoka masomoni na jambo moja kichwani. Usiku aliandika kwenye kundi letu la ukoo, lenye watu 71: "Wazee wangu, tuhame WhatsApp. Hawa watu wanatujua kupita kiasi." Akaweka kiungo cha Signal, programu nyingine ya ujumbe. Kulipokucha alikuwa amepata watu watatu, na mmoja aliingia kwa kubonyeza vibaya. Mama mkubwa wa Katuba, mweka hazina wa michango ya vilio, yaani misiba, alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kule unakotupeleka, habari ya kilio itanifikia?"

Tuanze na kijana, maana hakusema upuuzi. Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 hivi, na pesa ya namna hiyo haitolewi sadaka. Ni kweli kwamba tangu 2016 maneno yenyewe yamefungwa, kampuni haiwezi kusoma kwamba mazishi ni saa nane. Lakini nani anaongea na nani, saa ngapi, yumo katika makundi gani, hayo inayaona. Kwa ukoo kama wetu huo ndio mti mzima wa familia: wakwe, majirani, wanasali wapi, nani hupigiwa akifa mtu. Mji huu unakumbuka mwaka 1992 na 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa humu Katanga na watu wakaulizana asili yao mlangoni. Wakati ule haikuhitajika kompyuta. Kwa hiyo mtu akiniambia orodha ya nani ni ndugu wa nani ni kitu kidogo, simwelewi.

Halafu kuna nakala ya akiba ya mazungumzo. Ujumbe unasafiri umefungwa, ukifika unapakiwa Google Drive ukiwa wazi, isipokuwa mwenye simu amewasha kufuli ya akiba, ambayo WhatsApp iliiongeza mwaka 2021. Nilipekua simu za nyumbani kwangu. Hakuna hata moja iliyowashwa, yangu ikiwemo.

Sasa Mama mkubwa. Swali lake lilikuwa la kilio, lakini chini yake kuna swali la mega, yaani data ya intaneti. Mitandao ya simu hapa inauza vifurushi vya bei ndogo vya WhatsApp na Facebook. Ukienda programu nyingine, unakula mega ya kawaida, na mega ya kawaida ni ghali. Anayeishi kwa kuuza makaa haachi kifurushi hicho kwa sababu ya hotuba ya kijana wa chuo. Kila mara tunaambiana "chagua", kana kwamba bei haijakwisha kutuchagulia.

Ila kinachonizuia kumfuata mpwa wangu moja kwa moja ni kingine. Nenda pale wanapouza simu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mama ananunua simu iliyotumika, na kijana wa meza anamfungulia akaunti ya Gmail papo hapo, kwa neno la siri ambalo kijana ndiye analijua. Mara nyingine analitumia hilohilo kwa wateja wake wote, asisahau. Picha za huyo mama, namba zake, mahali alipo, vyote viko kwa Google, ndiyo, lakini ufunguo uko mfukoni mwa kijana ambaye kesho anaweza kuhamia Kolwezi. Au tazama kabine ya kutuma pesa, chini ya mwavuli: daftari la mistari, jina, namba, kiasi, sahihi. Likijaa, linatupwa. Mwaka jana nilinunua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa daftari kama hilo. Nikazila huku nikisoma kwamba bwana fulani, namba yake kamili, alipokea dola 150 siku ya Jumanne. Kampuni ya Marekani haikuhusika.

Serikali ya Kongo pia haijakaa pembeni. Kuanzia Septemba 2020 tulikatwa yunite, yaani salio la simu, kwa ajili ya RAM, rejista ya simu za mkononi: kama dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Watu walipiga kelele hadi ikafutwa mwaka 2022. Na kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama 20. Siku hizo Signal na WhatsApp zilikuwa sawasawa: hakuna. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data za mtu, kwa maandishi. Muuza karanga hajaisoma.

Hata huko kwa kuhamia si nje sana. Tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya Amazon ilipata hitilafu, na Signal nayo ikazimika, kwa sababu inapanga humo humo. Telegram, ambayo wengi hapa wanaiona ndiyo ya siri, haifungi mazungumzo ya kawaida namna WhatsApp inavyofunga, na makundi yake hayafungwi hivyo kabisa. Rafiki yangu wa Bel-Air alijaribu njia ya kiume: kompyuta ndogo nyumbani, ihifadhi picha na barua za familia bila kupitia kwa mtu. Umeme ulikatika siku tatu. Mke wake akauliza picha za ubatizo ziko wapi. Zimerudi Google.

Nikipima, nampa kijana haki kwenye hoja na Mama mkubwa haki kwenye njia. Kundi la kilio libaki linapopatikana kwa kila mtu. Mambo ya ugonjwa, ya mahakama, ya siasa, wanaoongea ni wawili watatu, hao wanaweza kwenda Signal bila kumwacha mtu nyuma. Na kabla ya yote hayo, Gmail ya kijana wa meza ibadilishwe neno la siri, maana huyo ndiye aliye karibu.

Mpwa wangu amekubali nusu. Jumapili alikwenda Katuba kumfungia Mama mkubwa nakala ya akiba. Simu ikadai neno la siri, lisilosahaulika, maana likipotea hata kampuni haiwezi kulirudisha. Mama mkubwa akalitunga vizuri, refu, lenye namba. Kisha akafungua daftari la michango, akaliandika juu kabisa ya ukurasa wa wasiolipa.