Mahari hairudishwi tena, lakini cheti kiko wapi?

Tangu Agosti 2015, mume nchini Uganda hana haki ya kwenda kwa wakwe kudai ng'ombe wake eti ndoa ya kimila imevunjika. Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2007 na Mifumi, shirika la kutetea haki za wanawake, ilisema kurudisha mahari ni kinyume cha Katiba, ambayo ibara yake ya 31 inawapa mke na mume haki sawa, hata ndoa inapovunjika. Mahari yenyewe haikufutwa.

Waliotaka ifutwe kabisa wana hoja nzito. Katika maeneo kama Teso au Acholi, ng'ombe walioletwa kwa binti mara nyingi ndio wanaotoka kumwozea kaka yake. Binti akikimbia kipigo, baba hana cha kurudisha, labda avunje ndoa ya mwanawe. Basi anaambiwa avumilie. Mahakama imelifuta deni hilo. Wazee wa ukoo wengine bado wanalihesabu. Tena aliyetoa ng'ombe wengi hujiona amenunua mikono ya kulima, kuchota maji na kulea.

Watetezi hukimbilia neno "utamaduni", jibu la kivivu. Wanalo lililo bora. Sheria ya Uganda haihesabu kuishi pamoja kuwa ndoa, hata mkikaa miaka 20. Mume akifa bila wosia, Sheria ya Mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane asilimia 20 ya mali na watoto asilimia 75, lakini kwanza athibitishe kwamba alikuwa mke. Shemeji wakimwita hawara, barua ya posa, orodha ya vitu na picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho kwa wakwe) ndiyo ngao yake. Kwa hiyo kuifuta mahari bila kuweka kitu mahali pake kungewaumiza hao hao tunaotaka kuwalinda.

Kitu hicho, cheti cha ndoa ya kimila, kipo, ila hakitumiki. Ndani ya miezi 6 baada ya sherehe, wanandoa waende ofisi ya gombolola (kata), au kwa karani wa mji, pamoja na mashahidi wasiopungua 2 waliohudhuria. Wakichelewa bado wanaandikishwa, kwa ada ya ziada. Cheti kikishatoka, hakuna wa kubishania idadi ya mbuzi. Lakini familia inayolipa mpiga picha, mahema na gomesi, yaani magauni ya sherehe, za mashangazi wote huona kwanjula ndiyo mwisho wa kazi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye salio. Wakwe wametaja ng'ombe 6, wameletwa 3, waliobaki "watakuja". Miaka inapita, mume anafariki, na ndugu zake wanadai ndoa haikukamilika. Zamani mahakama ziliwahi kuikubali hoja hiyo. Dawa yake ni karatasi moja siku ile ile: kilichopokelewa, tarehe, sahihi za pande zote mbili, na sentensi isemayo kwamba ndoa imekamilika leo na chochote kitakachofuata ni zawadi.