Nguru Mwenye Msuli

Chambo cha bandia cha dukani bei yake inatoa machozi, na nguru akishaukata mshipi kwa meno ndiyo kimekwenda hicho. Mimi ni fundi wa majahazi hapa Nungwi. Mbao ninazo, patasi ninayo, ninunue samaki wa plastiki kwa lipi?

Nikachonga kipande cha msufi, mti mwepesi, kikatoka umbo la kibua. Tumboni nikatoboa, nikamimina risasi kidogo ya chubwi kisije kikaelea chali. Macho nikayapaka rangi ya kucha ya mke wangu, ambayo mpaka leo anaitafuta. Lakini kazi yote iko kwenye mdomo, kile kibapa chini ya pua. Ndicho kinachokizamisha na kukitikisa kiuno. Wangu niliukata kwenye galoni la mafuta ya kupikia, nikauchomeka, nikatia gundi. Gundi ikakauka mdomo umelala upande. Unywele tu.

Ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, akakigeuzageuza. "Mdomo umekwenda kombo huu."

"Ami, kwani nguru anaoa?"

Tena nilishakijaribu ufukweni, nikikiburura huku natembea, kikakata viuno watoto wakapiga makofi.

Tukatoka kurambaza, yaani kuburura chambo nyuma ya chombo kikienda, Ami kakaa kulia, mimi kushoto. Kumbe kwa mwendo wa miguu kile chambo kilikuwa kinajistahi tu. Mashine iliposhika kasi kikaufuata mdomo wake, kikakata kwenda kulia, kikaunasa mshipi wa Ami. Nani ajue?

"Kala!" Ami akapiga kelele.

"Wangu naye kala!"

Mashine ikapunguzwa. Nikivuta, Ami anaporwa mshipi. Akivuta yeye, naporwa mimi, viganja vinawaka moto. Ami akaanza kuomba dua kwa sauti. Kijana wa mashine keshafika mnadani kichwani, anagawa fedha.

"Mlegezee, Ami, achoke!"

Akalegeza. Papo hapo wangu akalegea. "Wangu kachoka!" nikashangilia, nikavuta kwa nguvu zote.

"Khaa! Wangu ndiyo kwanza kaamka!"

Tukaendelea hivyo, jasho linatutoka, msuli wa Ami unataka kumvuka, mpaka yule kijana akasimama akaifuata mishipi kwa macho, huu, kisha huu. "Jamani," akasema taratibu, "mbona mnavutana wenyewe?"

Kufumbua lile fundo kulitumalizia asubuhi. Ami hakusema neno. Akachukua koleo, akakipinda kushoto kile kipete cha puani kinachofungwa mshipi, chembe tu, akakitupa majini. Kikaenda kimenyooka utadhani hakijawahi kumkosea mtu. Mimi lawama naipa gundi.

Dikoni watu wakatuzunguka. "Ami, mmepata?"

"Nimepata mmoja, fundi," akajibu, ananioneshea kidole. "Mkubwa, kanipiganisha kwelikweli. Nani atafika bei?"

Hakufika mtu.