Vyuo Vikuu vya Umma: Sera Hufia Dirishani

Mwaka juzi nilimsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwenye ofisi ya mitihani ya chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Masomo alishamaliza, ada alilipa, maktaba hadaiwi kitabu. Alifuata transkripti tu, yaani hati ya matokeo yake. Ukutani, nyuma ya kiti cha karani, ulitundikwa mkataba wa huduma kwa mteja ndani ya fremu ya kioo: transkripti, siku saba za kazi. Karani akatuambia faili halionekani, turudi wiki ijayo. Tukarudi mara tatu. Safari ya nne kijana mmoja aliyekaa kwenye benchi akatunong'oneza: "Kaka, mpeni ya soda, litaonekana leo leo."

Tukizungumzia rushwa vyuoni, tunakimbilia kuhesabu fedha zilizoibwa. Mimi naumizwa zaidi na jambo jingine: rushwa inaiandika upya sera. Baraza la chuo limeamua siku saba. Karani naye ameamua siku moja kwa mwenye soda na wiki sita kwa asiye nayo. Inayotekelezwa ni ya karani.

Chukua mikopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili mtoto wa mkulima asome bila baba yake kuuza shamba. Kwa miaka mingi bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, lilitegemea orodha za vyuo. Aliyeacha masomo asipofutwa, jina lake linaendelea kula. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilitangaza kubaini wanafunzi hewa vyuoni, mwaka uleule ambao watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hakuna aliyegusa hata neno moja la sheria ya mikopo, lakini fedha ya maskini ilikwishapata mlaji mwingine.

Wapo wanaosema rushwa inasingiziwa, nao wana hoja. Mhadhiri mmoja anafundisha darasa la mamia, ofisi ya mitihani ina makarani wachache, fedha kutoka serikalini zinachelewa. Hata ukimweka malaika pale dirishani, siku saba hazitamtosha. Ni kweli kwamba sera nyingi hupitishwa bila senti ya kuzitekeleza, na kumtupia karani lawama zote ni uonevu. Lakini faili lililopotea wiki tatu likionekana dakika kumi baada ya noti kupita chini ya karatasi, hapo usiniambie habari za uhaba wa makarani.

Wengine, wakiwemo wanauchumi tangu miaka ya 1960, wanadai kitu kidogo hulainisha mashine iliyokwama. Kwa mtu mmoja, kwa siku moja, hulainisha kweli. Tatizo ni kesho yake. Karani akishaonja kwamba ucheleweshaji unalipa, ataanza kuutengeneza. Foleni ndiyo mtaji wake, kwa nini aimalize?

Serikali imejibu kwa mifumo. Malipo ya ada yanapitia namba ya malipo ya serikali, zabuni zimehamia kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, tangu 2023, bumu linaingia benki. Naiunga mkono mifumo hii kwa moyo wote, hasa sasa ambapo HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, umeleta mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya majengo na vifaa vya vyuo. Ila mtaalamu wa maabara anayehitaji kemikali za mazoezi ya wanafunzi bado anafuata saini ya mkuu wa idara, ya kitivo, ya manunuzi, ya uhasibu. Kila saini iliwekwa kuzuia wizi, na kila saini ni meza nyingine ambapo faili linaweza kulazwa. Ukiongeza meza bila kuziwekea muda, umeongeza wanaouza muda.

Na kuna mahali mfumo haufiki kabisa: kalamu ya mhadhiri. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, iliifanya rushwa ya ngono kuwa kosa, adhabu ikiwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Utafiti wa TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, uliotolewa 2020, ulionyesha kuwa tatizo lipo. Madawati ya jinsia yamefunguliwa. Lakini binti anayekwenda kulalamika anajua kwamba anayemlalamikia ndiye atakayesahihisha mtihani wake, na watakaomsikiliza wana ofisi kwenye korido ileile. Wahadhiri nao wana hofu, na si ya kupuuza, kwamba aliye mkali wa alama atachafuliwa jina na waliofeli. Kinga ya pande zote mbili naiona moja: mtihani wenye mgogoro usahihishwe upya na mtu wa chuo kingine, asiyemjua mwanafunzi kwa jina wala sura.

Kwa upande wa madirisha, ningeanza na ule mkataba wa ukutani. Siku saba zikipita, ombi lipande kwa mkubwa wa karani bila mwombaji kumwangukia mtu, na kila mwezi idadi ya maombi yaliyochelewa ibandikwe mlangoni.

Mdogo wangu hakutoa soda. Transkripti aliipata wiki ya sita, Ijumaa mchana. Kazi aliyokuwa akiiombea ilifunga kupokea vyeti siku tisa kabla.