Japani Inayofundishwa Sebuleni

Wazazi kadhaa ninaowafahamu hapa Dar es Salaam wamejiwekea desturi ya kutenga saa moja kila Jumamosi ili kuwafundisha watoto wao habari za nchi ya mbali, na inayochaguliwa mara nyingi ni Japani. Ramani hubandikwa ukutani, karatasi hukunjwa hadi iwe korongo, na wali huliwa kwa vijiti mpaka uvumilivu unapokwisha na vijiko vinarudi mezani. Desturi hiyo ina watetezi na wapinzani, nami nimekaa na pande zote mbili.

Wapinzani husema kwamba mtoto asiyejua babu yake alizaliwa kijiji gani, wala asiyeweza kuitikia salamu ya bibi yake kwa lugha ya ukoo, hana haraka ya kuijua Kyoto. Hoja hii ina uzito, kwa sababu saa ya Jumamosi ni hiyo moja, na kinachoingia hutoa kingine. Baadhi yao huongeza wasiwasi wa dini, wakitaja mahekalu na desturi ya kuinama. Huo siuoni kuwa mzito: kujua kwamba watu fulani hufanya jambo si kulifanya, na mtoto wa Kiislamu aliyekulia jirani na kanisa amekwisha kulielewa hilo bila kufundishwa.

Watetezi nao hujibu kwamba ugeni ndio humfanya mtoto auone uenyeji wake. Nilikuwa nikilichukulia jambo hili kuwa maneno matamu tu, hadi mwanangu alipochomeka vijiti wima katika bakuli la wali. Nilimweleza kwamba Wajapani hawafanyi hivyo mezani, kwa kuwa ndivyo wali unavyowekwa kwa ajili ya marehemu katika mazishi. Alivichomoa upesi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni kitu gani ambacho mgeni akikifanya mezani kwetu tutashtuka. Tulianza na mkono wa kushoto, tukaendelea na kuanza kula kabla ya mkubwa, na tulipomaliza wali ulikuwa umepoa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kwamba kosa liko katika umbali wa nchi. Kosa ninaloliona liko katika vitini. Vingi tunavyovipakua vimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa Marekani au Uingereza, na vimebeba mshangao wa mtoto huyo. Kimoja kilimtaka msomaji astaajabu kwamba wanafunzi wa Japani hufagia madarasa yao wenyewe. Mwanangu, ambaye yuko darasa la nne na siku ya zamu hubeba ufagio wa chelewa kutoka nyumbani, aliisoma sentensi ile mara mbili akitafuta ajabu ilipo.

Tukitaka kuitazama Japani kwa macho yetu, hatuna haja ya kwenda mbali. Gari letu, kama magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini hapa, huzungumza Kijapani kila linapowashwa. Sauti ya mwanamke hutangaza kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi inayomwezesha dereva kupita kwenye barabara za kulipia bila kusimama. Redio yake hainasi stesheni zetu nyingi, kwa sababu masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na kwa muda mrefu yaliishia 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mtoto akiuliza kwa nini mtu aliuza gari zima namna hii, jibu linampeleka ndani ya maisha ya Wajapani kuliko korongo la karatasi: kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu za wenye magari kuyaacha mapema.

Hali ni hiyohiyo kwa mavazi. Kitini humwonyesha mtoto kimono, lakini hakimwambii kwamba baadhi ya kanga alizojitanda nyanya yake zilichapishwa Japani, kabla ya viwanda vya hapa, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968. Wala hakimwambii kwamba mwaka 1944 askari wa Keya, yaani jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika na nchi jirani, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipigana na jeshi la Japani katika Bonde la Kabaw huko Burma. Somo linaloishia kwenye maua ya mcheri halimtendei haki Mjapani wala babu zetu. Kuhusu Hiroshima nimeona nisubiri mwaka mmoja au miwili, na ninakiri kwamba huenda nimekosea.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa mbali asingeweza kulifikiria. Japani imetutangulia kwa saa 6. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, mshale mfupi wa saa ya ukutani uko kwenye 8, lakini muda huohuo mshale wa saa iliyoko Tokyo uko kwenye 2. Kwa maneno mengine, saa tunayoitaja kwa Kiswahili ndiyo inayosomeka kule. Mwanangu alipoligundua hilo alitaka kujua kama Wajapani wanatuiga.

Hoja ya muda, hata hivyo, bado sijaijibu, na sidhani kwamba ina jibu moja kwa kila nyumba. Mimi nimeirudisha Jumamosi kwa bibi yake, na Japani sasa hufundishwa garini, njiani kwenda kwake Bagamoyo. Safari iliyopita bibi mwenyewe aliulizwa iwapo alipata kuvaa kanga ya Japani. Alisema alikuwa nayo doti moja, akaazimwa na wifi yake kwa ajili ya harusi, na anamdai mpaka leo.